JICHO LIFANYE KAZI YA MKONO

Ndugu Wafanyakazi,

Wandegeya iko kati ya Chuo Kikuu cha Makerere na hospitali ya Mulago, ambako wenzetu walioumizwa na mashine hutibiwa. Asiye na mikono leo aweza kuandika kwa macho: taa ya kompyuta hutoa nuru isiyoonekana, na kamera hupima inavyorudi kutoka jichoni. Lakini jicho halitulii. Mwaka 1990 Robert Jacob wa Marekani alionya kwamba si kila mtazamo ni amri. Ndiyo maana jicho hukaa kidogo juu ya herufi kabla haijaandikwa. Sisi tuliozoea kukimbizwa na mashine twasema: muda huo aupange mtumiaji mwenyewe. Na tajiri asitumie chombo hicho kupeleleza macho yetu.

Umoja ni Nguvu!