Amplifaya ndogo ya hedifoni: Je, kompyuta yako inaihitaji?

IKIWA nyumbani mwako mna kompyuta moja na watu watano, bila shaka unaujua ugomvi wa jioni. Binti anataka kusikiliza mhadhara wa chuo, kaka yake anataka muziki, baba anataka taarifa ya habari, na mama amembembeleza mtoto saa nzima na ndiyo kwanza amepata usingizi. Katika nyumba ya mbao mjini Nanyuki hakuna mlango unaozuia sauti. Dawa ya ugomvi huo ni hedifoni, vile visikizi vinavyovaliwa kichwani na kufunika masikio.

Lakini, mpenzi msomaji, hedifoni siku hizi si za starehe pekee. Huko Nanyuki, kama ilivyo Nyeri, Karatina na Meru, wapo vijana waliomaliza masomo na wanaotafuta riziki kwa kunukuu sauti. Hutumiwa mahojiano na mikutano iliyorekodiwa ng'ambo, wakasikiliza na kuandika neno kwa neno. Mpango wa serikali wa Ajira Digital, ulioanzishwa mwaka 2016, umekuwa ukiwaelekeza vijana kwenye kazi za mtandaoni za namna hii. Kwa kijana kama huyo hedifoni ni jembe. Huzivaa saa sita, saba, hata nane kwa siku. Neno likimponyoka, huongeza sauti. Likimponyoka tena, huongeza tena. Ifikapo jioni masikio yanavuma kama mzinga wa nyuki.

Ni kijana huyo, pamoja na mwanafunzi mpenda muziki, ambaye huambiwa na marafiki: "Nunua amplifaya!" Akifika barabara ya Luthuli jijini Nairobi, palipojaa maduka ya vifaa vya umeme, ataonyeshwa vijisanduku vya kila aina, vingine vya bei ya kuku na vingine vya bei ya ng'ombe. Kabla hujafungua mkoba, hebu tuangalie kama kweli unakihitaji kijisanduku hicho.

Kazi ya kijisanduku

Ndani ya kompyuta, muziki na maneno huhifadhiwa kama tarakimu. Lazima pawe na sehemu ya kuzigeuza tarakimu hizo kuwa mawimbi ya umeme, na sehemu nyingine ya kuyapa mawimbi nguvu ya kutikisa utando mwembamba uliomo ndani ya hedifoni. Sehemu ya kwanza ni kigeuzi, na ya pili ndiyo amplifaya. Laptopu yako tayari inazo zote mbili, zimebanwa katika kipande kidogo kilichozungukwa na feni na saketi nyingine zenye kelele za umeme. Vijisanduku vingi vinavyouzwa kwa ajili ya kompyuta pia huwa na sehemu zote mbili, na huunganishwa kwa waya wa USB. Faida yake kubwa, kuliko hata ile nguvu inayosifiwa na wauzaji, ni kwamba kazi hiyo sasa inafanyika nje, mbali na kelele hizo.

Jambo ambacho hakiwezi kufanya ni kutengeneza rekodi mbovu. Mahojiano yaliyorekodiwa kwa simu iliyokuwa mfukoni yatabaki ya mfukoni hata ukinunua amplifaya ya bei ya shamba.

Basi fanya jaribio hili lisilo na gharama, usiku nyumba ikiwa imetulia. Chomeka hedifoni kwenye laptopu, hakikisha hakuna kinachocheza, kisha pandisha sauti pole pole na usikilize. Ukisikia kimya kitupu, na ukicheza wimbo ukasikika vizuri kabla hujafika mwisho wa sauti, weka pesa zako mfukoni. Kompyuta yako inatosha.

Ukisikia mvumo mzito usiobadilika, chomoa chaja ya laptopu. Mvumo ukikoma, mchawi ni umeme wa ukutani. Umeme wa Kenya ni wa volti 240 na hezi 50, nao huweza kupenya kupitia chaja, hasa chaja isiyo halali ya kampuni iliyotengeneza kompyuta. Amplifaya ya USB inaweza kuondoa mvumo huo au isiuondoe, kwa maana waya wa USB nao umeungana na kompyuta hiyo hiyo. Tiba ya bure ni kusikiliza kwa betri, au kutafuta chaja nzuri. Na wewe unayechomeka plagi ya miguu miwili katika soketi ya matundu matatu kwa kuchokoa tundu la juu kwa kalamu, acha! Tundu lile ni la waya wa ardhi, nalo ndilo linalolinda maisha yako na ya watoto wanaokutazama na kujifunza.

Ukisikia mlio mwembamba unaobadilika kila unaposogeza kipanya au kufungua ukurasa, hizo ni kelele za kompyuta yenyewe. Hapa ndipo kijisanduku cha nje kinapolipa gharama yake. Mnukuzi wa sauti aliyekuwa akiongeza sauti ili kuufunika mlio huo, sasa ataweza kuipunguza.

Omu na volti

Sasa tuje kwa hedifoni zenyewe, kwani ndizo zinazoamua kama nguvu zaidi inahitajika. Tazama karatasi yake au kisanduku chake, utaona nambari ya omu, yaani ukinzani wake dhidi ya umeme. Hedifoni nyingi za kawaida zina omu 16 hadi 32. Audio-Technica ATH-M50x ina 38. Sony MDR-7506, ambayo studio nyingi zimeitumia tangu 1991, ina 63. Beyerdynamic DT 770 Pro imetolewa ikiwa na omu 32, 80 na 250, kwa hiyo usinunue kwa jina pekee bila kuangalia nambari. Sennheiser HD 600 ina 300.

Hesabu yake ni ile ya fizikia ya sekondari. Ukitoa volti moja kwa hedifoni ya omu 32, utapata nguvu ya miliwati 31 hivi. Volti hiyo hiyo kwa hedifoni ya omu 300 itakupa miliwati 3 tu na kidogo. Sasa chukua hedifoni ya omu 32 ambayo kwa miliwati moja hutoa desibeli 100, kiwango cha kawaida kabisa. Kwa miliwati 31 itafika karibu desibeli 115, sauti ya kuumiza! Maana yake ni kwamba mwenye hedifoni za kawaida hahitaji amplifaya ili apate sauti kubwa. Mwenye hedifoni za omu 250 au 300, ambaye laptopu yake hutoa volti kidogo, huyo ana sababu.

Wenye hedifoni za Bluetooth wasisumbuke hata kidogo. Kigeuzi na amplifaya vimo ndani ya hedifoni yenyewe, na cha nje hakitaongeza kitu.

Kwa maoni yangu, mwenye pesa kidogo anunue hedifoni nzuri kwanza. Tofauti kati ya hedifoni mbaya na nzuri ataisikia hata bibi aliyeketi jikoni, ilhali tofauti kati ya amplifaya mbili zilizotengenezwa vizuri ni ndogo sana. Kwa nyumba yenye watu wengi, chagua zile zilizofungwa nyuma, kwani zilizo wazi, kama HD 600, humwaga sauti nje na kuingiza kelele za nyumba ndani. Ukiishi peke yako, zilizo wazi ni raha isiyo kifani.

Ikibidi ununue kijisanduku, fikiria kwanza stima. Mwenyeji wa Nanyuki hahitaji kuambiwa kwamba hupotea. Kifaa kinachopata nguvu kutoka USB kitaendelea na laptopu yako ikiwa kwa betri, na kitamfaa pia mtu wa viunga vya Laikipia anayetumia umeme wa jua. Kifaa chenye transfoma yake ya ukutani hunyamaza papo hapo taa zinapozimika, hata kama kina nguvu mara kumi.

Kuna hatari nyingine kwa mwenye ndugu Marekani. Amplifaya ndogo zinazosifika huko, kama Magni ya kampuni ya Schiit au Atom ya JDS Labs, hutumia transfoma ya ukutani iliyotengenezwa kwa umeme wa nchi zinakouzwa. Ile ya Marekani ni ya volti 120 hivi. Ukiichomeka katika volti 240 zetu itaungua, pengine pamoja na amplifaya. Mwambie shangazi au mjomba asome maandishi ya transfoma kabla ya kulipa. Ikiandikwa 100–240V, sawa. Ikiandikwa 120V pekee, aagize ile ya volti 230.

Wengi wataridhika na kitu kidogo kuliko vyote, kile kipande cha waya chenye kigeuzi na amplifaya ndani yake. Apple imeuza cha USB-C tangu 2018, kwa dola 9 huko Marekani, nacho hufanya kazi hata na kompyuta zisizo za Apple. Cha Marekani hutoa volti 1, cha Ulaya hutoa nusu yake, kwa hiyo ujue unanunua kipi. Kampuni ya FiiO ya China, iliyoanzishwa 2007, hutengeneza vya namna hiyo vyenye nguvu zaidi, na vya kuweka mezani pia. Nikishauriwa na mnukuzi wa sauti mwenye laptopu ya mlio, ningemwambia aanzie hapo.

Usiyumbishwe na maandishi makubwa ya kisanduku yanayohesabu biti na kilohezi. Diski za CD, zilizoingia sokoni 1982, hutumia biti 16 na sampuli 44,100 kwa sekunde, na hizo zinatosha kubeba sauti yote ambayo sikio la binadamu, lenye kikomo cha hezi 20,000 hivi, linaweza kusikia.

Dukani, nenda na laptopu yako, hedifoni zako na wimbo unaoujua kwa moyo. Wapenzi wa Joseph Kamaru, mzaliwa wa Kangema aliyefariki 2018, wana bahati, kwani mjukuu wake anayejulikana kama KMRU, msanii wa sauti mwenye makao Berlin, amekuwa akizitoa upya rekodi za babu yake mtandaoni. Ukisikia mkwaruzo wa rekodi ya kale usiilaumu amplifaya.

Kisha punguza sauti hadi chini kabisa na uipandishe kidogo kidogo. Vifaa vya bei rahisi mara nyingi hutoa sauti upande mmoja kabla ya upande mwingine kitufe kikiwa chini. Wanunuzi wengi hujaribu kifaa kwa kukifungulia hadi juu, wasigundue kasoro hii hadi wafike nyumbani, na Nanyuki iko karibu kilomita 200 kutoka hapo dukani. Zungusha kitufe mbele na nyuma. Kikikwaruza kingali kipya, je, kikishaonja vumbi la Januari? Na kama kina swichi ya LOW na HIGH, iache kwenye LOW isipokuwa hedifoni zako ni za omu nyingi.

Wanafunzi wa uhandisi, kwa mfano wale wa Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi huko Nyeri, wana njia ya tatu, nayo ni kujitengenezea. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Chu Moy alichapisha mchoro wa amplifaya ya betri ya volti 9 ambayo wengi wameiunda ndani ya mkebe wa peremende. Mwaka 2011 mhandisi mwingine, aliyejificha nyuma ya jina la NwAvGuy, alitoa mchoro wa amplifaya aliyoiita O2, inayotumia betri mbili za volti 9, na kuwaonyesha watu kwa vipimo kwamba ubora hauhitaji bei ya ajabu. Mwaka uliofuata alinyamaza, na jina lake halisi halijajulikana hadi leo.

Limebaki suala la masikio. Shirika la Afya Duniani husema mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki kwa sauti ya desibeli 80. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda hukatwa nusu: desibeli 83 ni saa 20, 86 ni saa 10, 89 ni saa 5 tu kwa wiki nzima. Kwa watoto kiwango ni desibeli 75 kwa saa 40. Mnukuzi anayefanya kazi saa saba kwa siku, siku sita, tayari amefika saa 42. Hana nafasi ya kuongeza sauti hata kidogo. Vinyweleo vya ndani ya sikio vinavyopokea sauti vikishakufa havioti tena.

Na hapa amplifaya ina mtego wake. Simu au kompyuta inapokuonya kwamba sauti imezidi, haijui amplifaya imeongeza nini baada yake. Asilimia 60 kwenye kioo inaweza kuwa ndogo au ya kuua sikio, kutegemea mahali ulipokizungusha kitufe cha nje. Kwa hiyo siku ya kwanza ukifika nyumbani, weka sauti ya kompyuta mahali pamoja usipobadilisha, vaa hedifoni, cheza sauti, na umwombe mtu asimame umbali wa mkono akuite kwa sauti ya kawaida. Punguza kwa kitufe cha amplifaya hadi umsikie. Chukua rangi ya kucha, hata ya dada yako, na uweke kidoa hapo kwenye kitufe. Watoto wanaokuja kuitumia waambiwe kwamba kidoa hicho ndicho mpaka.