Skrini ya Bluu Isikutoe Jasho

Umeokota laptopu ya mtumba, unaiwekea Windows XP ndio programu yako ya zamani ifanye kazi, mara paap! Skrini ya bluu: 0x0000007B. Usikimbilie fundi bado. Mimi nilimlipa mmoja, akafuta diski yote. Picha za marehemu nyanyangu zikaenda hivyo.

Mara nyingi diski iko sawa. Shida ni kwamba XP, ya mwaka wa 2001, haina draiva ya AHCI, kwa hivyo haiioni diski. Kwanza nakili faili zako kwenye flashi. Kisha ingia BIOS, tafuta SATA Mode, toa AHCI, weka IDE, sevu, uanze upya. Ikikubali, usiiunganishe na intaneti: Microsoft iliacha kuilinda 2014.