Sura ya Sita: Jembe la Njia Liko kwa Nani?

Ukishapita lango la Marangu na kuanza kuupanda Mlima Kilimanjaro, saa za mwanzo unatembea msituni. Miti imefungana juu, ukungu unadondoka kutoka kwenye majani, na udongo chini ya viatu ni laini. Hapa na pale utakuta gogo au mstari wa mawe umelazwa mshazari, kuanzia ukingo mmoja wa njia hadi mwingine. Wapandaji wengi huliruka gogo hilo wakidhani ni kidato cha ngazi. Sicho. Ni kingamaji. Kazi yake ni kuyapokea maji ya mvua yanayoshuka na njia, kuyageuzia pembeni, na kuyaachia msitu.

Safari moja, katikati ya masika, nilichutama kutazama mdomo wa kingamaji mojawapo, pale maji yanapotakiwa kutokea. Ulikuwa umejaa majani yaliyooza, vijiti na tope, jumla yake kama makarai mawili. Kwa kuwa mdomo umeziba, maji yalikuwa yamepanda juu ya gogo na kuangukia upande wa pili, na pale yalipoangukia palikuwa na shimo la kuzamisha mguu hadi gotini. Hatua chache chini yake, kingamaji lililofuata lilikuwa limeng'oka upande mmoja, mizizi ya miti ikiwa nje kama mishipa ya mkono wa mzee.

Kuuzibua ule mdomo kungetaka mtu mmoja, jembe moja na dakika kumi. Kuirudisha njia iliyokwisha kuliwa kunataka mawe, magogo, mafundi, na watu wa kuvipandisha vyote hivyo mlimani kwa mabega. Sura hii inahusu zile dakika kumi. Ni za nani?

Adui wa kwanza ni maji

Hatuwezi kugawa wajibu wa kuitunza njia bila kujua kwanza njia inaharibiwa na nini. Watu hufikiri ni miguu. Miguu inachangia, lakini mwenye nguvu ni maji, na miguu humfungulia mlango. Viatu hukanyaga majani na nyasi hadi udongo ubaki wazi na kushindiliwa. Udongo ulioshindiliwa haunywi maji. Mvua ikinyesha, maji hayazami. Hukimbia, na njia ya kukimbilia iliyo tayari ni hii hii tuliyoitengeneza.

Kwa hiyo wajenzi wa njia wana kanuni chache wanazozishika kwa bidii. Njia isipande mlima moja kwa moja, bali iukate kwa mshazari. Mwinamo wa njia usizidi nusu ya mwinamo wa mlima wenyewe: mlima ukiwa na mwinamo wa asilimia 40, njia isivuke asilimia 20, na kwa wastani wa safari nzima ni vizuri ibaki kwenye asilimia 10 au chini yake. Uso wa njia uinamie kidogo upande wa bondeni, kama sentimita 5 kwa kila mita ya upana, ili maji yavuke njia badala ya kusafiri nayo. Pale ambapo hayo yote hayatoshi, ndipo panawekwa kingamaji. Wakulima wetu wanaijua elimu hii kwa njia nyingine: matuta ya fanya juu ya Machakos yamejengwa juu ya akili hiyo hiyo ya kuyapunguza maji kasi kabla hayajapata nguvu, na jina lake la Kiswahili limeingia vivyo hivyo katika vitabu vya hifadhi ya udongo vya lugha nyingine.

Miguu hurudi kwenye hadithi baada ya maji kufanya kazi yake. Palipo na tope, mtembeaji hupita pembeni ili asichafue viatu. Wa pili humfuata. Pembeni napo nyasi hufa, panageuka tope, na wa tatu husogea zaidi. Huko juu ya msitu, kwenye nyika ya vichaka vifupi, utaona matokeo yake: njia iliyokuwa moja imekuwa tatu au nne zinazokwenda sambamba, kila moja ikiwa mfereji wake. Kumbuka kwamba hakuna hata mmoja kati ya waliopita pale aliyekusudia kuharibu. Kila mmoja alisogea hatua moja tu.

Majukumu manne

Swali la nani anatunza njia hushindikana kujibiwa kwa sababu huulizwa kama swali moja, kumbe ndani yake mna manne. La kwanza ni umiliki: ardhi hii ni ya nani kisheria? La pili ni usimamizi: nani ana mamlaka ya kufungua njia, kuifunga, kupanga ada na kuamua wangapi wapite? La tatu ni utendaji: nani hasa anashika jembe, siku gani? La nne ni matumizi: anayepita anadaiwa nini? Yakishikwa na mikono tofauti bila maandishi, kila mkono huamini mwingine umeshika.

Kilimanjaro yenyewe ni somo zuri. Hifadhi ya Taifa ilianzishwa mwaka 1973 na kufunguliwa kwa wageni mwaka 1977. Kwa miaka mingi mipaka yake ilikuwa sehemu ya mlima iliyo juu ya msitu, pamoja na mapitio sita yaliyoshuka katikati ya msitu kama vidole. Msitu wa kulia na wa kushoto ulikuwa hifadhi ya misitu, chini ya mamlaka nyingine. Fikiria maana yake kwa mtu wa jembe: njia ni ya idara hii, lakini mti unaoiinamia una mizizi kwenye ardhi ya idara ile, na maji yanayoingia njiani yameanzia kwenye mteremko usio wako. Mwaka 2005 msitu huo uliunganishwa na hifadhi, na umiliki na usimamizi wa mteremko wote vikawa chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania, TANAPA.

Usimamizi una nyenzo zake. Wapandaji wa Machame na njia nyingine kadhaa hushushwa kwa Mweka, na Mweka haitumiki kupandia. Uamuzi huo unagawa uzito wa miguu, na uzito wenyewe si mdogo, kwa sababu kila mgeni huja na msafara. Kwa kundi la wageni wanne si ajabu kuona waongozaji, mpishi na wapagazi zaidi ya kumi, kila mpagazi akiwa na mzigo ambao kanuni inaukomesha kwenye kilo 20. Wapagazi hao, wagumu kama wanavyoitwa mlimani, ndio wanaokanyaga njia mara nyingi kuliko mtu yeyote. Wanajua gogo lipi limelegea kabla ya ofisi yoyote kujua. Mpango wa matengenezo usio na mahali pa kuisikiliza taarifa ya mpagazi umeziba masikio yake wenyewe.

Hata palipo na mmiliki mmoja, utendaji unaweza kulala. Kujenga njia mpya kuna siku ya uzinduzi, kuna mgeni rasmi na kibao cha shaba. Katika bajeti ni fedha za maendeleo. Kuzibua makingamaji ni matumizi ya kawaida, hakuna anayekuja kukata utepe, na fedha zikipungua ni kifungu rahisi kusogezwa hadi mwaka ujao. Lakini mvua haisomi bajeti. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwenye njia ya mlimani tofauti ya ufa na ukuta inaweza kuwa masika moja tu.

Karura: majirani wanapoingia kwenye mkataba

Nairobi wamejaribu mpango mwingine. Msitu wa Karura, wenye zaidi ya hektari 1,000 ndani ya jiji, ulitangazwa hifadhi mwaka 1932 na nusura ugawiwe viwanja mwishoni mwa miaka ya 1990. Tarehe 8 Januari 1999 Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigwa walipokwenda kupanda mti pale. Msitu ulinusurika. Lakini msitu ulionusurika haukuwa bado msitu wa kutembelea. Kwa miaka kadhaa watu waliuogopa kwa sababu ya wahalifu.

Sheria ya Misitu ya Kenya ya mwaka 2005 ilifungua mlango: jamii inayoishi jirani na msitu inaweza kuunda chama, na chama hicho kikaingia mkataba wa kuusimamia msitu pamoja na Shirika la Huduma za Misitu. Sheria mpya ya mwaka 2016 iliuacha mlango huo wazi. Marafiki wa Karura waliunda chama chao mwaka 2009. Ardhi ilibaki ya umma na shirika likabaki na mamlaka yake, ila uzio, walinzi, vibao na ufyekaji wa njia vikawa kazi ya pamoja, huku vijana wa vijiji vya jirani wakipata ajira humo. Leo Karura ina zaidi ya kilomita 50 za njia za miguu na baiskeli.

Kuna kitu kidogo cha pale ambacho nakipenda kuliko vyote: makutano ya njia yana namba. Mtembeaji akikuta mti umeanguka hahitaji kueleza kwamba ni kule baada ya mto, karibu na mianzi. Anataja namba, na mwenye msumeno anajua pa kwenda. Kibao chenye namba kinamwezesha mpita njia kutimiza jukumu lake la nne kwa sentensi moja.

Mita kwa mita, jina kwa jina

Nchi zilizokaa na jambo hili muda mrefu zimelipasua vipande vidogo zaidi. England na Wales zina takriban kilomita 225,000 za njia ambazo umma una haki ya kuzipita, nyingi zikikatiza mashamba ya watu binafsi. Haki ni ya umma, ardhi ni ya mkulima. Sheria ya Barabara Kuu ya mwaka 1980 imegawa kazi bila kuona haya: uso wa njia ni wa halmashauri, lango na ngazi ya kuvukia uzio ni vya mwenye shamba, naye anaweza kudai robo ya gharama. Akilima shamba ambalo njia ya miguu inalikatiza katikati, lazima airudishe ndani ya siku 14, na ikiwa upana wake haujaandikwa popote, isipungue mita moja. Katika vijiji hivyo, mtu akikuta lango limeng'oka anajua amwandikie nani.

Marekani, Njia ya Appalachia ina urefu wa kama kilomita 3,500 na inapita katika majimbo 14. Benton MacKaye alitoa wazo lake mwaka 1921, ikakamilika mwaka 1937, na mwaka 1968 sheria ikaifanya njia ya taifa. Lakini tangu mwanzo mikono iliyoitunza ni ya wanachama wa vilabu vya watembeaji. Mwaka 1984 Idara ya Hifadhi za Taifa ilikiri hilo kwa maandishi, ikakikabidhi chama chao sehemu kubwa ya usimamizi. Klabu hupewa kipande chake cha njia, na ndani ya klabu mtu mmoja hupewa kilomita chache zake. Huzipitia mara kadhaa kwa mwaka: anafyeka, anazibua mitaro, anapaka upya alama nyeupe za sentimita 5 kwa 15 kwenye miti. Mti mkubwa ukianguka haugusi. Anatoa taarifa, na anakuja mwenye cheti cha msumeno wa moto. Kwa hiyo hata kujitolea kuna mipaka iliyoandikwa. Mtu wa kujitolea asiyejua kipande chake kinaishia wapi huchoka mapema.

Alichojua mzee wa mfongo

Tusidhani elimu hii imekuja na meli. Kwenye miteremko ile ile ya Kilimanjaro, Wachaga walichimba mifongo, mifereji ya kutoa maji mitoni na kuyapeleka migombani, na wameitunza vizazi kwa vizazi. Mfongo una mzee wake anayetangaza siku ya kuusafisha, na wote wanaokunywa na kumwagilia kwa maji yake hutoka na majembe. Asiyetokea hutozwa faini, au hukosa zamu yake ya maji. Mwenye mfongo anajulikana, siku inajulikana, na adhabu ya uzembe inajulikana.

Kati ya mfongo na njia ya matembezi kuna tofauti moja kubwa, na ndiyo chanzo cha taabu zetu. Mfongo ukiziba, aliye chini anakosa maji jioni hiyo hiyo na atapiga kelele. Kingamaji likiziba, anayelikuta ni mgeni ambaye keshokutwa hayupo. Maumivu hayamfikii mwenye jembe. Ndiyo maana njia ya matembezi inahitaji kuandikiwa kile ambacho mfongo unakidai wenyewe: jina la mtu kwa kila kipande, siku ya ukaguzi kabla ya masika na kabla ya vuli, na kifungu cha fedha kisichoguswa.

Nasi tunaopita tu hatuko nje ya hesabu. Pita katikati ya tope, viatu vitaoshwa. Usikate kona mlimani ili kuwahi. Ukiona mdomo uliozibwa na majani, yasukume kwa kisigino. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na wengi wetu tumezitembelea njia tunazozipenda kwa miaka mingi kuliko siku tatu.

Safari ijayo, katika njia unayoijua zaidi, hesabu makingamaji kuanzia langoni. Ukifika la tatu, simama. Kisha rudi ofisini ukaulize kwa adabu: kingamaji la tatu ni la nani, na atakuja lini? Ukijibiwa kwa jina la mtu na tarehe, njia hiyo watoto wako wataikuta. Ukijibiwa kwa jina la idara, omba jembe.