Watu wanne, bosi hakuna
Wadau, ule muziki wa kina Beethoven kuna aina yake inapigwa na watu wanne tu: fidla mbili, viola na selo. Hakuna kondakta, hakuna bosi. Wakipata shoo wanagawana. Sasa inadumu vipi? Cheki Emerson Quartet ya New York: walianza 1976, wakastaafu 2023. Miaka 47! Kwenye makundi mengi fidla ya kwanza ina mwenyewe, yule wa pili anamfuata tu maisha yote. Hawa, Eugene Drucker na Philip Setzer, walikuwa wanapokezana, leo wewe kesho mimi. Na pamoja na Grammy 9, bado walifundisha chuo kikuu cha Stony Brook. Shoo hazina mwisho wa mwezi.