Kutoka malishoni hadi maabara: Profesa anayekabili saratani kwa nuru

RANGI ya samawati itumiwayo viwandani kutengeneza wino haionekani kuwa na uhusiano wowote na hospitali. Hata hivyo, Profesa Tebello Nyokong, mwanakemia mzaliwa wa Lesotho, ametumia miongo kadhaa kuchunguza jinsi jamii hiyo ya rangi, iitwayo thalosianini, inavyoweza kuwa silaha dhidi ya saratani.

Molekuli ya thalosianini ina umbo la pete, na katikati yake huweza kutiwa madini kama vile zinki. Katika tiba hii, mgonjwa hudungwa dawa na kusubiri ijikusanye kwenye uvimbe. Kisha daktari humulika mahali hapo kwa nuru nyekundu. Dawa huifyonza nuru hiyo na kuipitisha kwa oksijeni iliyomo mwilini, nayo hugeuka kuwa kali na kuziua seli zilizougua.

Pasipo nuru, dawa haina makali. Hivyo basi, sehemu zisizomulikwa husalimika. Upungufu wake ni kwamba nuru haipenyi mbali mwilini, na mgonjwa hulazimika kujikinga na jua kwa muda. Ndiposa watafiti wa Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, alikoanza kufundisha mwaka wa 1992, wameziunganisha molekuli hizo na chembechembe ndogo mno ili kuziongezea nguvu. Teknolojia hiyo pia imechunguzwa kwa ajili ya kusafisha maji machafu.

Safari yake haikuwa rahisi. Alizaliwa mwaka wa 1951, na utotoni alienda shule siku moja na kuchunga kondoo siku iliyofuata. Katika shule ya upili alianza na masomo ya sanaa, akahamia sayansi ikiwa imesalia miaka miwili tu amalize. Baadaye alipata shahada ya uzamifu nchini Canada mwaka wa 1987.

Chanda chema huvikwa pete. Mwaka wa 2009 alitunukiwa tuzo ya L'Oréal-UNESCO ya wanawake katika sayansi, kwa niaba ya Afrika na nchi za Kiarabu.

Hakuridhika kufika peke yake. Amewalea wanafunzi wengi wa uzamili na uzamifu kutoka mataifa mbalimbali ya Afrika, na kuwahimiza wasichana wasiikwepe sayansi kwa kudhani ni ya wavulana. Msichana anayekatishwa tamaa darasani leo huenda ndiye angegundua tiba ya kesho.