Nafsi Nayo Huugua

Mtu akishikwa na homa, jamaa zake humkimbiza zahanati. Akikosa usingizi miezi mizima kwa huzuni, huambiwa imani yake imepungua. Ni kweli kwamba sala na dhikri ni utulivu wa moyo wa muumini. Ama kumhukumu mgonjwa, hiyo si tiba, wala wanazuoni wetu hawakutufundisha hivyo.

Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Balkh, mji ulioko katika Afghanistan ya leo, alifariki mwaka 322 Hijria (934 Miladia). Kitabu chake, Masalih al-Abdan wal-Anfus, kinahusu maslahi ya miili na nafsi. Humo anaeleza kuwa mwanadamu ni mwili na nafsi pamoja. Kimoja kikiugua, kingine hudhurika. Tena mtu aweza kukaa muda mrefu bila maradhi ya mwili, lakini misukosuko ya nafsi haimpi likizo.

Misukosuko hiyo aliigawa katika mafungu manne: ghadhabu, khofu, huzuni na wasiwasi. Huzuni nayo aliipambanua: ipo yenye sababu ijulikanayo, kama msiba, na ipo isiyojulikana chanzo chake. Hii ya pili aliihusisha na hali ya mwili, akaona inahitaji pia tiba ya mwili. Hakuiita upungufu wa imani.

Nabii Yaaqub (a.s.) alimlilia Yusuf (a.s.) hata macho yake yakawa meupe, kama tusomavyo katika Suratu Yusuf, aya ya 84. Ni nani atakayethubutu kusema imani yake ilikuwa dhaifu?

Al-Balkhi alituachia pia somo la malezi. Kama watu wawekavyo dawa nyumbani kabla ya maradhi, ndivyo tuiwekee nafsi fikra njema wakati wa utulivu, zituokoe siku ya dhiki. Basi mzazi asingoje mwanawe avunje vyombo ndipo amfundishe kuzuia hasira, amzoeze mapema. Na nafsi inapozidiwa, al-Balkhi aliona haja ya msaada wa nje: maneno ya mtu mwenye busara. Kwa hiyo kumpeleka mgonjwa kwa tabibu, huku tukimwombea dua, hakupingani na kutawakali.

Mwenyezi Mungu aziponye nyoyo zetu na miili yetu. Amin.