Kabla Hujatuma Dipoziti ya Prado Kuukuu

Umeona Prado ya 2005 mtandaoni. Bei iko poa, na muuzaji anakusukuma: "Tuma dipoziti sasa, kuna mteja mwingine yuko njiani." Tulia kwanza.

Kwa kawaida, Kenya hairuhusu kuingiza gari zilizozidi miaka 8. Kwa hivyo Prado hiyo imeshapigwa na barabara zetu miaka mingi. Nenda na fundi wako, si wa muuzaji. Aingie chini akague kutu kwenye chesisi. Washeni injini ikiwa baridi. Moshi wa samawati unaonyesha inachoma oili. Jaribuni fobaifo. Kisha jumlisha bei na gharama za matengenezo. Ukiona jumla inatosha kununua gari yenye afya, achana nayo.

Halafu tafuta rekodi ya gari kupitia huduma za NTSA kwenye eCitizen. Ikionyesha pia jina la benki au mkopeshaji, huenda bado kuna deni. Jina la mwenye gari lilingane na kitambulisho chake, na pia na jina linalotokea kwenye simu yako unapotuma pesa. Halilingani? Usitume hata bob. Kurudishiwa pesa baadaye ni kibarua.